Madumu ya omuramba ya Ma Koku yaliyokwama foleni ya darajani Bukoba

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, wa rika langu mambo zenu, na nyie mnaosomaga kimya kimya bila ku-login nawaona pia.

Mimi huwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani, na nimeshalisimulia kwa kila mtu niliyempa lifti mpaka shangazi kaniambia nitafute watu wapya wa kuwasimulia. Nikawakumbuka nyie.

Sijaongeza chumvi. Yamenitokea mwenyewe, na ukija Bukoba ukainusa bodi ya kirikuu yangu utasikia ndizi mbivu mpaka leo. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Bibi mwenye habari hii nimemwomba ruhusa, akasema, "Andika, ila usiniandike mzee sana."

Kwa hiyo wakuu, Ma Koku ni mama wa makamo. Tuendelee.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni binti, nimeishia form four, na matokeo yake tuyaache yalale. Naendesha kirikuu ya shangazi, ile pikapu ndogo ya mizigo. Kazi yangu ni kukusanya mizigo ya watu Muleba na kuigawa Bukoba mjini mlango kwa mlango. Naanzia Kimwani kwenye maharage na mahindi, napita Kagoma kwenye ndizi na kahawa, halafu huyoo mjini.

Barabara ya kuja haina shida. Shida ni kuingia.

Bukoba ya sasa siyo ile ya kwenye hadithi za wazazi wetu. Watu wanajenga mpaka juu milimani, kila mtaa una maduka mapya, na kila duka linataka mzigo wake asubuhi ile ile. Barabara zenyewe ni zile zile walizopita babu zetu na baiskeli za kahawa. Fuso moja likisimama kushusha saruji, mtaa mzima unaota mizizi.

Ndoto yangu naisema hapa mbele za watu: nataka yadi pembeni ya mji, kabla ya daraja. Malori makubwa yaishie pale, mizigo ipangwe kwa mitaa, halafu kirikuu na guta za matairi matatu ndizo ziingie mjini. Rangi ya magari nimeshachagua, njano ya ndizi iliyoiva vizuri. Nilipomwambia shangazi akasema nianze kwanza kwa kuosha hili alilonipa.

Haya, siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Nimetoka Kimwani na magunia yangu, nikapita Kagoma kwa Ma Koku kama alivyoniagiza kwa simu. Nikamkuta amekaa kibarazani, ameegemeza madumu matatu ya njano ukutani, yamepangwa kama watoto wanaosubiri kupelekwa kliniki. Kila dumu lina jani la mgomba lililosokotwa, limezibwa mdomoni.

Kwa msiotoka huku: sisi tuna ndizi za kunywa. Unazivundika shimoni zinaiva, unazimenya, unazikamua kwa miguu na nyasi kwenye mtumbwi wa mti. Kinachotoka ni juisi tamu, ndiyo omuramba, hata mtoto anakunywa. Ukitupia mtama uliokaangwa ukaiacha, inachacha, inakuwa rubisi. Hiyo ni pombe.

Na Ma Koku kwa rubisi ana jina. Ukisema Kagoma "rubisi ya Koku" watu wanasimama kwanza wanavua kofia. Maisha yake yote amekamua, na kila alipokamua ametupia mtama.

Sasa mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, Asimwe, alikuwa anaolewa siku hiyo Bukoba mjini. Kijana anaitwa Salum, familia ya Kiislamu, watu wa mjini wa siku nyingi, upande wa baba asili yao pwani. Asimwe mwenyewe alishaingia Uislamu kwa hiari yake.

Bibi ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni. Hakugombana na mtu wala hakumlaani mtu. Alinyamaza tu. Asimwe akipiga simu, bibi anasema mtandao mbaya. Kadi ya harusi ililetwa, akaiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria, na kila aliyemuuliza kama ataenda alijibiwa kwamba mguu unamuuma.

Ndiyo maana nilipoyaona yale madumu nilishangaa, nikamuuliza kama anatuma rubisi kwa Waislamu.

Akaniangalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema huo ni omuramba, amekamua alfajiri hiyo, yeye na mguu wake huo unaouma.

Halafu akanishika mkono na kunipa maneno ya kupeleka. Alitaka yaende mdomoni mwangu, siyo kwa simu.

"Mwambie Asimwe ni wa kwake. Mwambie sikuweka mtama."

Basi.

Wakuu, mimi ni mtu wa kulia haraka, nikajifanya naangalia tairi. Maana nilielewa. Kwa mwanamke yule kukamua bila mtama ni kama fundi seremala ajenge meza bila misumari kwa sababu tu mgeni wake haogopi kitu isipokuwa misumari. Sijui kama mfano umekaa, lakini mmenielewa.

Akanisisitiza jambo moja. Nisiyafunge kwa vifuniko vya plastiki, jani liachwe lipumue, na nifike mapema jua lisiyakute njiani. Kwa sababu ukichelewa, hata bila mtama, omuramba unaanza kubadilika wenyewe. Na ukifika pale umechacha, wakwe watasema bibi katutukana mchana kweupe.

Nikayapakia mwishoni kabisa, mlangoni, ili yawe ya kwanza kushuka. Sisi wa mizigo tunapanga hivyo, cha kushuka mwisho ndicho kinatangulia kupanda. Mzigo wa mtaa wa Nshambya ulikuwa chini kabisa kwa sababu ndiko ningemalizia. Nikaondoka nikijiona meneja.

Umeneja wangu uliishia darajani.

Fuso la matofali lilikuwa limezima katikati ya barabara, limekaa upande upande. Nyuma yake malori, mbele yake malori, bodaboda zimejaa kila tundu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na sasa lile jua letu la baada ya mvua lilitoka lote, lile linalochoma kama limetumwa.

Nikateremka nikayafunika madumu kwa majani ya mgomba kutoka kwenye mikungu ya mteja. Nikaketi. Nikasubiri. Nikateremka tena.

Mara ya tatu ndipo nikasikia. Sssss.

Dumu moja jani lake limeinuka na povu linateremka pembeni. Nikapangusa kwa kidole. Ndani ya povu kulikuwa na chembe chembe nyekundu za mtama.

Wakuu, nilikaa chini barabarani.

Nitasema ukweli, wazo baya lilinipitia. Nilijiuliza kama bibi kafanya makusudi. Halafu nikakumbuka jinsi alivyonishika mkono, nikalifukuza. Nikampigia.

Nikamweleza taratibu. Kisha nikasikia sauti ndogo sana.

"Ni lile la kwanza. Nilikuwa nasali huku nakamua. Mikono imenitangulia, mwana wange."

Nikamwambia yapo mengine mawili, pengine ni mazima. Akasema nimwage yote. Akasema afadhali wasipokee kitu kuliko wapokee hicho, na kwamba labda Mungu ndiye hakutaka. Nikamwambia, "Bibi, simwagi kitu mpaka nimeonja."

Nikakata simu kabla hajanizuia, jambo ambalo kwa mkubwa halifai, lakini angenizuia.

Nikamimina kwenye kiganja, dumu la pili. Tamu. La tatu. Tamu, tena ile tamu ya kukufanya ufumbe macho. Hakuna mtama hata chembe. Lakini yalikuwa ya vuguvugu, na mimi nimekulia kwenye ndizi, najua vuguvugu inaelekea wapi.

Nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Dereva wake, nitamwita Jirani, alikuwa ananitazama muda wote amening'iniza mkono dirishani.

"Dada kirikuu, unakunywa mzigo wa mteja?"

Nikamwambia kama hana msaada anyamaze. Akanyamaza, ila anatabasamu.

Ndipo likatokea guta la injini pembeni, linapenyapenya kati ya magari na mtaro. Anayeendesha ni mzee wa barakashia, nyuma kabeba masanduku mawili makubwa. Akaniomba nikunje kioo apite.

Nikakunja, nikamsalimia, nikamuuliza anaelekea wapi.

"Marahaba. Harusini kwa Mama Salum. Moja samaki, moja barafu ya vinywaji. Barafu hii ikifika maji wataniozesha mimi kwa hasira."

Nilitaka kumkumbatia. Mama Salum ndiye mama wa bwana harusi.

Nikamwomba anichukue mimi na madumu mawili, ayalaze kwenye sanduku la barafu. Akayaangalia madumu. Akaliangalia jani mdomoni. Akaniangalia mimi.

"Binti, mimi nimezaliwa Bukoba hii hii. Dumu la Muleba lenye jani nalijua. Unataka nibebe rubisi niipeleke kwa watu wa swala?"

Sikuwa na maneno mazuri. Nikamwambia kila kitu jinsi kilivyo: bibi, mguu, kadi nyuma ya picha, mikono iliyotangulia. Na lile lenye povu nikamwonyesha, sikulificha.

Mzee Abeid, ndilo jina nililompa humu, akazima injini. Akanusa mdomo wa dumu la pili muda mrefu. Akanusa la tatu. Akachovya ncha ya kidole.

"Hili limekamuliwa na mtu anayeomba radhi," akasema. "Lete."

Funguo nikampa Jirani, nikamwomba foleni ikisogea anisogezee gari. Akauliza, "Na hili linalotoa povu?" Nikamwambia alilinde.

Nikapanda guta nimekumbatia sanduku la barafu, gauni langu la kwenda kupendeza mjini likiloa lote. Huku Mzee Abeid akiwapigia kelele bodaboda, "Pisheni, nimebeba mkwe!"

Tulifika nyuma, uani, kwenye masufuria. Wanawake wanachambua mchele, wanapepeta, vicheko tele. Nikayashusha madumu mawili, njano, na majani mdomoni.

Vicheko vikafa, wakuu.

Kila mtu pale anajua dumu la namna ile. Mama mmoja akautupa ungo pembeni akauliza ni nani kaleta hiyo kitu humu ndani. Mzee Abeid akataka kujibu, lakini Mama Salum akainuka kwenye kigoda. Mwanamke mpole, mrefu, kanga imefungwa kiunoni. Akaniuliza nimetoka wapi.

Nikasema Kagoma, kwa bibi yake Asimwe. Nina maneno yake, ila ni ya Asimwe tu.

Akaniuliza tena, macho kwenye macho, "Umeonja wewe?"

"Nimeonja mama. Ni juisi."

Akamwita mtu alete kikombe. Akamimina mwenyewe na kunusa. Halafu hakunywa. Akaingia nacho ndani, akanipa ishara nimfuate.

Asimwe alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama anayeota moto, piko bado mbichi. Alipoona jani la mgomba limeshikamana na ukingo wa kikombe, uso ulimbadilika. Hakuweza kushika. Mama Salum akakaa pembeni yake, akamnywesha taratibu, mkono mmoja umemshika kidevu, kama unavyomnywesha mtoto mwenye homa.

Asimwe akafumba macho.

"Kasemaje?"

"Kasema ni wa kwako. Kasema hakuweka mtama."

Nasikia masufuria huko nje tu.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Yamekuja mangapi?"

Nikasema mawili yamefika.

"Bibi hatumi mawili. Anasema nyumba inasimama kwa mafiga matatu." Akanitazama. "La tatu aliweka mtama, siyo?"

Sijui kudanganya, wakuu, uso wangu unanisaliti. Nikaitikia kwa kichwa.

Akaanza kucheka. Anacheka huku machozi yanamwagika na hawezi kuyafuta kwa sababu ya piko, anasema, "Mikono yake, jamani, mikono yake," na Mama Salum anamfuta kwa ncha ya kanga bila kuelewa bado, naye anacheka kwa kuambukizwa. Alipoelezwa akanyanyua kikombe kile kile, akanywa kilichobaki chote. Kisha akaita huko uani kwa sauti, waandae majagi, kinywaji cha bibi harusi kimefika.

Nikampigia Ma Koku. Mama Salum ndiye aliyeshika simu sikioni kwa Asimwe. Waliongea Kihaya, mimi nikageukia ukutani kusoma kalenda. Nilichosikia ni mara moja tu Asimwe akisema, "Hapana Mae, haujachacha. Haujachacha kabisa."

Nikaondoka kwa miguu kurudi darajani, nimelowa, napiga mluzi.

Darajani sikukuta foleni. Nikajua gari limeibiwa. Kumbe limeegeshwa vizuri pembeni, na Jirani amekaa kivulini analilinda. Lile dumu la povu lipo pale pale, ila limekuwa jepesi ajabu.

Nikamwangalia.

"Mimi dereva, sijagusa," akasema, amenyoosha mikono juu. "Ila lile fuso lilikataa kusukumwa. Wabeba matofali walisema hawana nguvu. Nikawaambia nguvu ninazo kwenye dumu, anayesukuma ndiye anayeonja. Dada, fuso lilipaa."

Kwa hiyo mkazi wa Bukoba uliyepita darajani Jumamosi ile ukashukuru barabara imefunguka, sasa unajua aliyeifungua. Ni bibi wa Kagoma na mikono yake. Kilichobaki nilikipeleka Nshambya, walikofikia wajomba wa Asimwe kutoka kijijini, na wao hawakuuliza kwa nini dumu halikujaa.

Hayajaisha.

Huku chombo cha mtu hakirudi kitupu. Asubuhi yake nilitegemea Mama Salum atanipa yale madumu na kitu kidogo ndani, niyarudishe. Nikawakuta Asimwe na Salum wamesimama getini na madumu yao. Wakasema wanarudisha wenyewe.

Tukabanana watatu mbele ya kirikuu mpaka Kagoma. Bwana harusi kabeba dumu mapajani njia nzima, nikipita kwenye shimo analikumbatia.

Ma Koku alikuwa kibarazani. Alipomwona anayeshuka alinyanyuka, na mguu ule haukumuuma hata kidogo, alifika kwenye gari kabla sijazima injini. Sitaandika walivyokumbatiana, sina uwezo huo na tena naandikia simu yenye skrini iliyopasuka.

Baadaye Salum akampa dumu kwa mikono miwili, akasema mama yake ametuma juisi ya ukwaju, ameipika mwenyewe, na haina kitu ndani.

Bibi akachomoa jani. Akanusa. Akamimina, akaonja, akatulia kama hakimu. Sote tumemkodolea.

"Wakola muno, asante sana mkwe. Ni tamu," akasema. Akaonja tena. "Ila ingepata mtama kidogo..."

Salum ndiye aliyecheka wa kwanza.

Wakuu, mafunzo yangu ni ya kawaida tu. Kwanza, kwenye mizigo ya mjini usimwone mwenye guta kama kero. Siku hizi mimi na Mzee Abeid tuna utaratibu wetu: nasimama kabla ya daraja, naye na wenzake wanaingiza mizigo ya katikati ya mji, mimi nazungukia Nshambya na pembeni. Yadi bado haipo, ni kivuli cha mti na turubai, lakini ndoto inaanzia mahali. Rangi ni ile ile ya njano.

La pili ni kwamba sasa kila ninapopakia namuuliza mtu, nani anausubiri huu na amengoja tangu lini. Zamani nilikuwa nauliza kilo tu.

Karibuni mchangie. Wenye ujuzi wa kusafirisha omuramba mbali bila kuchacha naomba njia, maana nimeshapata oda ya harusi nyingine. Na nyie madereva na wabebaji wa mikoa mingine, niambieni mzigo gani mliwahi kuubeba ukawagusa. Mkitaka kunicheka kwa ule mfano wa seremala, ruksa.

Ma Koku atasomewa comments zenu Jumamosi nikipita. Mtu asimwite mzee.